Nabii aliyechoka: Visa vya vitabu vitakatifu vinavyomsaidia mtoto kusema yaliyo moyoni

Muulize kijana wa miaka 14 anaendeleaje, jibu unalijua: “Poa.” Muulize kama ana tatizo, atasema, “Hamna.” Mlango wa chumba unafungwa, simu inawashwa, na mzazi anabaki sebuleni na maswali yake.

Kijana huyohuyo ukimuuliza Nabii Yona, ambaye Waislamu wanamwita Yunus, alijisikiaje ndani ya tumbo la samaki, anaweza kukushangaza. Atasema kulikuwa na giza. Atasema alikuwa peke yake na hakuna aliyejua alipo. Labda atasema alidhani hatatoka tena. Mzazi mwenye sikio zuri ataanza kujiuliza: hapa anazungumziwa nabii, au anazungumziwa mtoto wangu?

Kusoma kisa cha kitabu kitakatifu kama picha ya yanayotokea ndani ya mtu ni desturi ya karibu miaka 2,000. Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wamewahi kuwa na walimu waliosoma hivyo. Bahari inakuwa hofu, jangwa linakuwa upweke, safari inakuwa mabadiliko ya moyo.

Siku hizi desturi hiyo imerudi kwa kishindo kupitia simu, lakini kwa sura nyingine. Zipo video nyingi zinazofundisha kwamba Biblia nzima inazungumzia fahamu ya mtu tu, na kwamba ukibadili hali yako ya ndani, kila kitu cha nje kitabadilika, hata ugonjwa.

Kwa familia, tofauti kati ya matumizi haya mawili ni kubwa. Moja linampa mtoto maneno ya kusema kinachomsumbua. Jingine linaweza kumfanya aache dawa.

Kwa nini picha inasaidia

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi hawapati msaada, na sababu mojawapo ni kwamba hawajui waseme nini, au wakisema hawaeleweki.

Kiswahili kina neno “sonona”, lakini nyumbani ni wachache wanaolitumia. Watu husema “nina mawazo”, “moyo mzito”, “roho haijatulia”, “kichwa kimejaa”. Yote hayo ni picha. Hakuna aliyewahi kuupima moyo kwenye mizani, lakini kila mtu anaelewa uzito huo ni upi. Mtoto anayepewa picha nzuri anapata njia ya kusema jambo ambalo bado hana jina lake.

Kulitaja jambo kuna faida inayoonekana hata mwilini. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), wakiongozwa na Matthew Lieberman, walichapisha utafiti uliochunguza ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au hofu. Walipotaja kwa neno hisia waliyoiona, sehemu ya ubongo inayohusika na kengele ya hatari ilitulia kidogo.

Wataalamu wa tiba ya mazungumzo nao wana mbinu inayofanana. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walianza katika miaka ya 1980 kuwasaidia watoto kulitazama tatizo kama kitu kilicho nje yao, chenye jina lake. Mtoto hasemi tena “mimi ni mwoga”. Anasema “Hofu imekuja leo asubuhi nikiwa kwenye daladala.” Akishaliweka tatizo pembeni, anaweza kulizungumzia bila aibu, na mzazi anaweza kukaa upande wake.

Kisa cha nabii kinafanya kazi hiyohiyo, tena kwa kutumia watu ambao mtoto amewajua tangu Sunday school au madrasa.

Eliya chini ya mretemu

Kisa kinachogusa afya ya akili kwa karibu zaidi kiko katika kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kushinda pambano kubwa mlimani Karmeli. Mtu angetegemea ashangilie. Badala yake anapata vitisho vya Malkia Yezebeli, anakimbia, anamwacha mtumishi wake njiani, anaingia jangwani peke yake na kuketi chini ya mti wa mretemu. Hapo anaomba afe.

Ukisoma kwa jicho la afya, dalili ziko wazi: uchovu mkubwa baada ya kazi nzito, hofu, kujitenga na watu, kuona maisha hayana maana, kutaka kulala tu.

Zaidi ya dalili, kinachofaa kutazamwa ni namna anavyohudumiwa. Hakemewi kwa kukosa imani. Analala. Anaamshwa na kupewa mkate na maji. Analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Ni baada ya kula na kulala ndipo anapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko ndiko anakoulizwa anafanya nini pale. Hata baada ya hapo, anapoendelea kusema amebaki peke yake, anaambiwa wapo wengine 7,000 walio kama yeye, na anapewa Elisha awe mwenzake.

Usingizi, chakula, maswali ya upole, watu wa karibu, kazi ya kufanya. Daktari wa magonjwa ya akili leo asingeona ajabu yoyote katika mpangilio huo.

Mtoto aliyesikia kisa hiki anaweza siku moja kusema, “Mama, leo niko chini ya mretemu.” Sentensi hiyo fupi inaeleza mambo mengi, na haimdhalilishi.

Yunus, Yaaqub na machozi

Katika nyumba za Kiislamu, kisa cha Yunus kinabeba mengi. Qur'ani inamtaja akimwita Mola wake kutoka kwenye giza. Alipotupwa ufukoni alikuwa mgonjwa, na ukaoteshwa mmea wa jamii ya mung'unya juu yake. Hapa pia mwili haukusahauliwa: aliyetoka kwenye giza alihitaji kivuli kwanza.

Yaaqub naye alimlilia mwanawe Yusuf hadi macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Huyu ni nabii, na ndiye huyohuyo anayesifiwa kwa subira njema. Kwa mtoto wa kiume anayeambiwa kila siku kwamba mwanamume halii, kisa hiki kina uzito. Subira na machozi vilikaa katika kifua kimoja.

Familia nyingi hapa kwetu zikipata msiba humwambia mtoto “nyamaza, usilie, jikaze.” Nia ni njema. Lakini mtoto anayezuiwa kulia anaweza kubaki na huzuni hiyo, ikajitokeza baadaye kama maumivu ya tumbo, kukojoa kitandani, hasira au kushuka darasani. Kumkumbusha Yaaqub ni kumpa ruhusa ya kulia.

Walimu wa zamani walionya mapema

Mmoja wa wasomaji wa kwanza wanaojulikana kwa njia hii ni Philo, Myahudi wa Aleksandria, Misri, aliyeishi wakati mmoja na Yesu. Kwake, Abrahamu anapoacha nchi yake, jamaa zake na nyumba ya baba yake, ni nafsi inayojinasua kutoka kwenye utumwa wa mwili, wa milango ya fahamu na wa maneno.

Lakini Philo huyohuyo aliwakosoa watu wa zama zake waliosema kwamba wakishajua maana ya ndani hawahitaji tena kushika sheria ya nje. Aliwajibu kwa mfano: maana ya nje ni kama mwili, na maana ya ndani ni kama nafsi. Kama tunavyoutunza mwili kwa sababu ndimo nafsi inamokaa, ndivyo inavyotupasa kutunza na kile kilichoandikwa.

Karne mbili baadaye, mwalimu Mkristo Origen alifundisha kwamba vituo vya Waisraeli jangwani vinaweza kusomwa kama hatua za ukuaji wa roho: mtu hafiki mara moja, anapiga hema, anang'oa, anasonga.

Kwa Waislamu, jina kubwa ni Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus, Iran ya leo, mwaka 1058. Katika kitabu chake cha Ihya, anaizungumzia hadithi inayosema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Anaeleza kwamba moyo nao ni nyumba, na kwamba hasira, husuda na kiburi ni mbwa wanaobweka ndani yake. Kisha anaweka mpaka: hasemi kwamba nyumba maana yake ni moyo tu. Maana ya wazi inabaki palepale. Msomaji anavuka kutoka hapo kwenda kwenye funzo jingine.

Ghazali aliijua hali ya ndani kwa kuipitia. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri Baghdad, ulimi wake ulifunga. Ameeleza mwenyewe kwamba hakuweza kufundisha hata neno moja, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakasema tatizo limeanzia moyoni na kushuka mwilini. Aliacha kazi, akasafiri, akachukua miaka kupona. Mwanachuoni wa kiwango chake hakuona aibu kuyaandika hayo.

Wote watatu, Philo, Origen na Ghazali, walitafuta maana ya ndani. Na ukiwasoma Philo na Ghazali, utaona walihofia jambo moja: mtu kuishika maana ya ndani na kuitupa ya nje.

Mtu wa Barbados na video za leo

Mafundisho mengi yanayosambaa mtandaoni yanamtaja Neville Goddard. Alizaliwa Barbados mwaka 1905, akaenda New York akiwa na miaka 17 kusomea uigizaji, akafanya kazi ya kucheza dansi jukwaani, kisha akawa mhadhiri. Alisema alifundishwa na mwalimu mwenye asili ya Ethiopia aitwaye Abdullah. Aliandika vitabu kadhaa, kikiwamo Feeling Is the Secret cha mwaka 1944, na alifariki Los Angeles mwaka 1972. Mihadhara yake iliyorekodiwa ndiyo inayosikika leo kwenye simu.

Kwa Goddard, Biblia haikuwa historia. Ilikuwa mchezo wa kuigiza unaofanyika ndani ya fahamu ya mtu. Isaka, mzee asiyeona, anapompapasa Yakobo aliyevaa ngozi za mbuzi na kumbariki akidhani ni Esau, Goddard aliona somo hili: Esau ni hali uliyo nayo sasa, Yakobo ni hali unayoitamani. Fumba macho, ivike tamaa yako hisia ya ukweli kama vile imeshatimia, nayo itatimia.

Si vigumu kuona kwa nini vijana wanavutiwa. Anayesubiri matokeo ya mtihani au kazi anaambiwa ufunguo uko mkononi mwake. Kutuliza akili na kujiona umefaulu kunaweza kumpunguzia mtu hofu, na hilo halina ubaya.

Tatizo linaanza pale fundisho linaposema kila kilicho nje kimezaliwa na kilicho ndani. Maana likisemwa hivyo, mgonjwa ndiye aliyejiletea ugonjwa.

Inapoumiza

Chukua mfano wa binti wa miaka 16 mwenye kifafa. Amesikia kwamba kumeza dawa ni kukiri kuwa bado anaumwa, hivyo anaamua kuishi kama mtu aliyekwisha kupona. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, degedege zinaweza kurudi kwa nguvu na kuendelea mfululizo, na hiyo ni hatari ya kifo. Mtoto mwenye kisukari anayetegemea insulini anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache akiiacha. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU akiacha, virusi huongezeka tena. Kwa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, ugonjwa umo kwenye damu tangu kuzaliwa, na hauondoki kwa kubadili fikra.

Mafundisho yanayofanana na hayo, ya “usiukiri ugonjwa”, yanasikika pia katika baadhi ya mahubiri hapa nyumbani, si kwenye video za nje tu.

Kuna watoto wengine wanaoumia kimyakimya. Wapo wanaosumbuliwa na mawazo wasiyoyataka yanayojirudia: mtoto anawaza mama yake amegongwa na gari, anaogopa, anawaza tena. Ukimwambia mtoto huyo kwamba wazo huzaa tukio, umemwongezea mzigo. Ataamini kwamba mama akipatwa na jambo, yeye ndiye muuaji. Mtoto kama huyu anahitaji kusikia kinyume chake: wazo ni wazo tu, linapita.

Kitabu cha Ayubu kinalizungumzia kosa hili. Rafiki zake watatu walipomkuta kwenye majivu, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumweleza kwamba lazima kuna kosa lake lililomletea mateso. Mwishoni mwa kitabu, wanaokemewa na Mungu ni wao.

Nyumbani ufanyeje

Mazungumzo haya hayahitaji elimu ya dini ya juu. Dakika 15 baada ya chakula cha jioni zinatosha.

Chagua kisa kimoja, kifupi, ambacho mtoto anakijua. Kisome au kisimulie kama kilivyo. Kama una shaka kuhusu maana, muulize mchungaji, padri, sheikh au ustadhi wako. Hapa hufanyi tafsiri ya kitabu wala mahubiri. Unazungumza na mwanao.

Uliza kuhusu mhusika kwanza, usimuulize mtoto kuhusu yeye mwenyewe. “Unadhani Eliya alihitaji nini pale?” ni swali rahisi kujibu kuliko “Wewe una shida gani?” Akitaka kujileta mwenyewe ndani ya kisa, ataingia. Asipotaka, mwache.

Usikimbilie funzo. Ukishamaliza swali kwa “ndiyo maana nawe unatakiwa kuwa na subira,” mtoto atajua lilikuwa mtego, na siku nyingine hatajibu.

Usitumie nabii kama fimbo. “Ayubu alipata zaidi yako na hakulalamika” inamfunga mtoto mdomo, na hata hivyo si kweli. Ayubu alilalamika kwa sura nyingi.

Mdogo asiyeweza kueleza anaweza kuchora. Kwa familia za Kiislamu, ambako mitume hawachorwi, mtoto achore bahari, mawimbi, mashua au mmea. Muulize bahari yake leo imetulia au imechafuka.

Wewe pia sema. Baba anayesema “wiki hii kazini nilikuwa kama nimo kwenye dhoruba” anamfundisha mtoto kwamba watu wazima nao huchoka, na kwamba kusema hakupunguzi heshima.

Na kama mwanao anafuata video za kubadili hali ya ndani, usianze na kupiga marufuku. Kaa naye mtazame moja. Kisha muulize maswali mawili: je, fundisho hili linasemaje kuhusu mtoto aliyezaliwa mgonjwa? Na je, linakubali mtu aendelee na dawa zake? Majibu yatawaonyesha mko wapi.

Kisa kinapokuwa hakitoshi

Mazungumzo hayachukui nafasi ya matibabu. Mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali ya wilaya kama kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni isiyoisha, hapendi tena alivyovipenda, usingizi au hamu ya kula imebadilika sana, anajitenga, au ameshuka ghafla shuleni. Wakiona haja, watampa rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Tanzania ina hospitali ya taifa ya afya ya akili Mirembe, Dodoma, na Kenya ina Mathari, Nairobi, lakini safari huanzia kituo cha karibu.

Sikiliza pia namna anavyoitumia picha. Mtoto anayesema “najisikia kama Yunus” anatumia mfano. Anayeamini kabisa kwamba yeye ndiye nabii, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayesema ameamriwa kujidhuru au kudhuru mtu, ana hali ya dharura. Usibishane naye wala usimfungie ndani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sala na dua ziendelee, na dawa iendelee.

Akidokeza kwamba anatamani kufa, muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” WHO inasisitiza kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, mara nyingi kunampa nafuu. Usimwache peke yake, na ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu, vidonge na vitu vyenye makali. Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bila malipo.

Kama mtoto amekuambia leo yuko chini ya mretemu, usimhubirie usiku huo. Mpe chakula na maji, mwache alale. Asubuhi kaa karibu naye, kisha uliza.